Neno "twist" na Vitenzi Vyetu vya Kusokota, Kupota na Kupopotoa

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaonekanayo mepesi yakiwa peke yake, lakini yakawa mazito mara yaingiapo katika sentensi ya kufasiriwa, ni neno twist. Mfasiri hulikuta kila mahali: katika kitabu cha fizikia, katika karatasi iliyotiwa ndani ya kisanduku cha dawa, katika maelezo ya shahidi mahakamani, katika mafunzo ya huduma ya kwanza, hata katika habari za muziki. Neno la kwanza limjialo aghalabu ni sokota, naye akiwa na haraka huliandika hilo na kuendelea na kazi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba mazoea hayo yana hatari, na kwamba mahali pengine hatari hiyo humfika mtu mwilini.

Asili ya neno lenyewe si ngumu kuifuata. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa sehemu ya maneno yaliyotaja kamba, nalo ni ndugu wa maneno yenye maana ya mbili na pacha katika lugha hiyo. Yaani hapo mwanzo lilikuwa neno la watu wa kamba: nyuzi mbili zilizofanywa kitu kimoja kwa kuzungukana. Baadaye liliiacha kamba, likabaki kuwa jina la umbo la mwendo. Chochote kinachogeuka kwa kuufuata mhimili wake, au kinachokwenda kwa kujipinda, Mwingereza aweza kukitaja kwa neno hilo moja: uzi, kifundo cha mguu, njia ya mlimani, kifuniko cha chupa, maneno ya mtu, kisa cha hadithi. Neno haliulizi kama mtendaji anajenga au anabomoa.

Kiswahili hakikwenda njia hiyo. Vitenzi vyetu vya jamii hii vimeendelea kushikamana na kazi, na kila kimoja hubeba ndani yake kitu kinachotendwa na matokeo yanayotarajiwa. Anayesokota anatengeneza. Anayesongoa anatoa maji katika nguo, au roho katika kuku. Anayepopotoa anaharibu. Kwa hiyo mfasiri anayelifikia neno la Kiingereza hana budi kwanza kujiuliza habari ambazo Mwingereza hakuzitia katika neno lake, bali alizitawanya katika sentensi nzima.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo kwa macho na aende upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, katika vijiji kama Chwaka, Paje na Jambiani, ambako wanawake wametengeneza kamba za makumbi ya nazi kwa vizazi vingi. Makumbi hufukiwa katika mchanga wa pwani unaofikiwa na maji ya bahari, yakakaa humo miezi kadhaa hata yakalainika na kuoza ile nyama yake; kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa kipande cha mti, zikabaki nyuzi tupu ziitwazo usumba. Hapo ndipo kusokota kunapoanza. Fungu dogo la usumba huviringishwa baina ya viganja, na fungu jingine huongezwa kabla la kwanza halijaisha, hata upatikane uzi mrefu usio na kifundo. Nyuzi hizo zikiwa tayari huzungushwa pamoja, mbili au tatu, na kazi hiyo ya pili ndiyo iliyoitwa kupota. Ndipo tukapata jina pote, kama katika kamba ya pote mbili au kamba ya pote tatu. Kusuka ni jambo la tatu. Hapo miaa au nywele hupishana, hii juu ya ile, wala hazizungukani.

Siku hizi wengi husema kusokota kwa kazi zote mbili za mwanzo, na hapana sababu ya kuwalaumu katika mazungumzo. Lakini mfasiri wa kitabu cha ufundi wa nguo au wa kamba akilidharau neno pota atajikuta amekwama. Tuchukue kamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa tegemeo la uchumi wa Tanganyika. Katika kamba ya kawaida ya pote tatu, nyuzi husokotwa kuelekea upande mmoja. Nyuzi nyingi hukusanywa kuwa pote kwa kuzungushwa upande wa pili. Kisha pote hizo tatu hupotwa kwa kuurudia upande ule wa kwanza. Kila hatua inataka kujifumua, lakini kujifumua kwa hatua moja ndiko kujikaza kwa hatua nyingine, na kwa hiyo kamba hukaa. Kiingereza huweza kulitumia neno twist kwa hatua zote tatu na kuongeza maelezo. Mfasiri akiandika "husokotwa, kisha husokotwa, kisha husokotwa tena", mwanafunzi wa ufundi hataelewa lolote. Akiandika kwamba nyuzi husokotwa na pote hupotwa, habari yote imo, tena kwa maneno machache kuliko yale ya asili.

Kuhusu upande wa msokoto, viwanda vya nguo duniani hutumia herufi mbili, S na Z. Uzi ukining'inizwa wima, mistari yake huinama ama kama sehemu ya kati ya S ama kama ile ya Z. Hapa sioni haja ya kubuni. Herufi hizo tunazo, nasi tuseme msokoto wa S na msokoto wa Z.

Sasa naomba kupendekeza jaribio moja ambalo mfasiri aweza kulifanya akiwa mezani pake, bila kamusi. Na ajiulize: je, kitu hiki kimeshikwa ncha moja wakati ncha ya pili inageuzwa, au chote kinazunguka pamoja? Kikishikwa ncha moja, umbo lake hubadilika, na hapo kusokota kunaweza kufaa. Kikizunguka chote, umbo lake hubaki lilivyo, na neno ni kuzungusha. Jaribio hili ni jepesi, lakini lingeziokoa lebo nyingi. Chupa za dawa zenye vifuniko vinavyotengenezwa ili watoto wasiweze kuvifungua huwa na maagizo ya Kiingereza yenye vitenzi viwili, cha kubonyeza na hicho chetu. Maagizo ya Kiswahili yafaa yawe: "Kandamiza kifuniko, na huku umekikandamiza, kizungushe." Kifuniko kilichosokotwa ni kifuniko kilichoharibika. Vivyo hivyo parafujo hukazwa na kulegezwa. Hakuna fundi anayesema ameisokota, isipokuwa imemkatikia.

Katika fizikia jaribio hilo hilo latuonyesha kwamba msokoto ni istilahi nzuri. Mwaka 1785 Mfaransa Coulomb alieleza mizani aliyoitumia kupimia kani za umeme, na mwaka 1798 Mwingereza Cavendish alichapisha matokeo ya mizani ya namna hiyo, ambayo kwayo aliutafuta uzani wa dunia ukilinganishwa na maji. Katika vyombo vyote viwili ufito ulining'inizwa kwa waya mwembamba. Waya ulikuwa umeshikwa juu, na chini uligeuka kidogo sana. Yaani ni msokoto hasa, na tuna haki ya kusema mizani ya msokoto na pembe ya msokoto. Walimu lakini wauangalie mpaka mmoja. Msokoto ni badiliko la umbo la waya. Kinacholeta badiliko hilo ni kani ya kuzungusha, nayo isiitwe msokoto, ama sivyo mwanafunzi atachanganya sababu na tokeo. Kwamba darasa litacheka kidogo kwa kuwa msokoto katika taarifa za polisi ni ule wa bangi, hilo lisimtishe mwalimu. Bangi nayo huviringishwa kwa vidole, na waliolichagua neno hilo mitaani walikuwa na sikio zuri la lugha.

Tuje kwenye vitenzi vya kuharibu. Msomaji atakumbuka kwamba lugha yetu ina kauli ya kutendua: funga hutoa fungua, kunja hutoa kunjua, tega hutoa tegua, na sokota yenyewe hutoa sokotoa. Katika kundi la maneno tunayoyazungumzia, kauli hii imezaa vitenzi vyenye nguvu ya pekee. Anayesikia potoa na potosha husikia ndani yake pota, kama kwamba maneno ya mtu yalikuwa kamba njema na mwingine akaifumua. Mtego ukiteguka umefyatuka kutoka mahali ulipowekwa. Kiungo cha mwili kikiteguka kimefanya vivyo hivyo. Na popotoa, pamoja na mrudio wa sauti yake, ni kugeuza kwa nguvu kitu kisichopenda kugeuzwa.

Kwa ajili hiyo twist ya mguu au mkono yataka uangalifu. Kifundo cha mguu kikigeuka vibaya njiani, nyuzi zinazofunga mifupa zikavutika, wazee husema mguu umeshtuka. Mfupa ukitoka mahali pake, mguu umeteguka. Watu wengi leo hutumia teguka kwa yote mawili, na kwa mgonjwa anayechechemea tofauti si kubwa, lakini kwa anayesoma maagizo ya huduma ya kwanza ni kubwa: mguu ulioshtuka hupumzishwa, hutiwa baridi na kufungwa bendeji, ilhali kiungo kilichoteguka kisiguswe kwa kuvutwa na asiyejua. Napendekeza vitabu vya mafunzo vilirudishe neno shtuka mahali pake. Ama ile ibara ya hospitali inayotaja jeraha lililoletwa na mwendo wa namna hii, isifasiriwe "jeraha la kusokota". Mguu hausokotwi. Tuandike: "jeraha lililotokana na mguu kugeuka vibaya".

Mahakamani jambo hili lina uzito wake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na maneno ya shahidi yaweza kuandikwa kama alivyoyasema. Shahidi asemaye "alinipopotoa mkono" ametaja mtendaji, nguvu na nia mbaya. Asemaye "mkono wangu uliteguka" ametaja tokeo tu, bila mtendaji. Asemaye "alinipinda mkono" yupo katikati, kwa maana polisi naye humpinda mtu mkono katika kumkamata. Sentensi hizo tatu zikitiwa katika Kiingereza kwa neno twist, zote hufanana, na tofauti iliyokuwa ndani ya kitenzi huyeyuka. Mkalimani mwema ataongeza maneno upande wa Kiingereza ili kulipa deni hilo. Anayekuja kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili naye asichague popotoa kwa sababu tu lina sauti ya kuvutia; huenda akamtia mshtakiwa nia ambayo hakuna aliyeitaja.

Hatari kubwa zaidi imo katika nyonga. Neno hili lina familia pana: nyonga ya mwili ni pale paja linapoungana na kiuno, na kunyonga baiskeli ni kukanyaga pedali zake kwa mwendo wa mahali hapo. Lakini mtu anayenyongwa, hufa. Ni neno la kitanzi na la hukumu ya kifo. Wauguzi wa uzazi wanajua kwamba si ajabu kitovu kumzunguka mtoto shingoni wakati wa kuzaliwa, na kwamba watoto wengi wa namna hiyo huzaliwa salama. Karatasi ya mafunzo ikisema "kitovu kimemnyonga mtoto", imemwambia mama kwamba mwanawe amekufa. Neno la hapo ni zonga: kitovu kimemzonga mtoto shingoni. Kuzonga ni kuzunguka kitu na kukifumbata, kama mmea utambaao unavyouzonga mti, wala hakusemi kwamba aliyezongwa amekosa pumzi.

Nyonga hupoteza ukali wake likirudufishwa. Funza hujinyonganyonga, na nyoka aliyekanyagwa mkia pia, na mtoto anayevishwa nguo asiyoitaka. Hapo tuna utajiri ambao Kiingereza nacho kinao, ila mipaka haifanani. Aliye chini ya kitu, au ndani ya gunia, hufurukuta. Samaki aliyetolewa majini hutapatapa. Mwenye maumivu hugaagaa kitandani, na kugaagaa huko huko, bila maumivu, ndiko kwa yule wa methali anayegaagaa na upwa asile wali mkavu. Mwalimu wa biolojia anayeeleza mwendo wa mnyoo na achague jinyonganyonga, wala asiseme mnyoo hujisokota, kwa kuwa mnyoo hupindika kwenda kando na haujizungushi juu ya mhimili wake.

Matumizi ya mafumbo nitayapita upesi. Kisa kikigeuka ghafla katika hadithi, mgeuko latosha. Anayeyatenda maneno ya wenzake hivyo, anayapotosha. Anayemlazimisha mtu kwa vitisho, anamshurutisha, na atakayeandika kwamba serikali fulani "ilisokotwa mkono" ameandika Kiingereza kwa herufi za Kiswahili. Ngoma ya miaka ya 1960, iliyoandikwa na Hank Ballard na kuenezwa na Chubby Checker mwaka 1960, ilifika kwetu na jina lake, na wanamuziki kama Daudi Kabaka wa Kenya wakaifanya yao. Iitwe twisti na iachwe. Pwani ilikuwa na kukata kiuno kabla ya gramafoni, na hakuna aliyeona haja ya kulihamisha jina hilo.

Nimeliweka tumbo mwisho kwa kuwa ndipo kosa la mfasiri linapoweza kuua. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu husema "tumbo linanisokota" akiwa na maumivu yajayo na kuondoka: amekula kitu kibaya, au ana gesi, au mtoto mchanga ana chango. Msokoto wa tumbo kwa watu wetu ni jina la hisia, nalo ni jina linaloeleweka mno. Dawa yake hutafutwa nyumbani, na mara nyingi maumivu hupoa yenyewe. Sasa madaktari nao wana ugonjwa ambao ndani yake utumbo hasa hugeuka juu yake wenyewe, njia ya chakula ikaziba, na mishipa ya damu ikabanwa. Sehemu hiyo ya utumbo isiposaidiwa hufa ndani ya saa chache, na mgonjwa naye yumo hatarini. Ni ugonjwa unaofahamika sana katika hospitali za Afrika Mashariki. Maelezo ya Kiingereza huutaja kwa neno twist, na mfasiri akiandika "msokoto wa utumbo", msomaji atasoma "msokoto wa tumbo", atajua anachokijua, na atachemsha majani.

Hapa neno pota linatufaa kupita kiasi. Ugonjwa huu aghalabu hushika kitanzi cha utumbo mpana: miguu miwili ya kitanzi hicho huzungukana, mmoja juu ya mwingine, sawasawa na kamba ya pote mbili. Hali hiyo ndiyo kujipota. Napendekeza basi istilahi iwe kujipota kwa utumbo, na neno msokoto liachiwe maumivu. Mpokeaji hatakuwa na maana nyingine ya zamani ya kumpotosha, na akiuliza maana yake, mwuguzi aweza kumwonyesha kwa kipande cha kamba.

Ugonjwa wa pili wa jinsi hiyo huwapata zaidi wavulana wanaobalehe. Korodani hugeuka, na kamba inayoishikilia, ambayo ndani yake imo mishipa ya damu, husokoteka. Jaribio letu la ncha moja linakubali: juu kumeshikwa, chini kumegeuka. Hapa kusokoteka ni neno sahihi, kwa sharti kwamba kilichosokoteka kitajwe. Tusiandike "mshipa umesokoteka", maana mshipa kwa watu wengi ni ngiri au busha, magonjwa ambayo mtu huweza kukaa nayo miaka. Korodani iliyokosa damu haina miaka. Upasuaji unaofanywa ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu kuanza huiokoa mara nyingi, na kila saa ipitayo baada ya hapo hupunguza matumaini. Tena kijana huona haya, naye huenda akasema tumbo la chini linamuuma, jambo ambalo hata si uongo, kwa kuwa maumivu hayo hupanda hadi huko. Kwa hiyo karatasi itakayobandikwa katika zahanati na shule isomeke hivi: "Mvulana akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, au ya tumbo la chini pamoja na korodani kuvimba au kupanda juu, huenda kamba ya korodani imesokoteka na damu haipiti. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingoje asubuhi."